Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Mpya ya Safari, Nifunge Nini Kwanza?

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka kwa watu walionunua pikipiki za safari zikiwa mpya, na karibu zote zinauliza cha kununua. Tumejibu, ila mara kadhaa jibu limekuwa pampu ya upepo, futi ya kupimia na spana ambayo tayari mnayo.

Shikamoo fundi. Nimechukua Yamaha Ténéré 700, haijafika hata kilomita 600. Nimebaki na hela kidogo ya kuiboresha. Mwenzangu ananiambia nianze na eksozi, mwingine anasema makasha ya alumini. Nianze na kipi? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Anza na vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha. Ténéré 700 ikiwa na petroli ni kilo kama 205 hata kabla hujapanda. Ikiangukia upande mmoja kwenye mawe, au ikipanda jiwe kwa tumbo, uzito huo wote unatua sehemu moja. Bamba la kiwandani chini ya injini ni jepesi, limewekwa kwa ajili ya changarawe zinazorushwa na tairi la mbele. Chujio la oili la injini hiyo liko kwa mbele, karibu na mabomba ya eksozi, kwa hiyo bamba utakalonunua lipande juu hadi likinge eneo hilo. Tafuta la alumini lenye unene wa milimita 4. Kabla ya kulipa, ligeuze uangalie mambo mawili: limeshikwa na fremu, au linaning'inia kwenye bolti za injini? Na lina tundu la kufikia bolti ya kumwagia oili, au utalifungua lote kila servisi? Ukishalifunga, lifungue tena kila baada ya safari ya tope. Tope likikaukia kati ya bamba na injini linazuia joto kutoka na linaficha uvujaji.

Cha pili ni kinga za mikono zenye chuma cha alumini ndani. Zile za plastiki tupu ni za upepo. Pikipiki ikilala bila kinga, kinachovunjika kwanza ni mkono wa klachi au wa breki. Kuna kinga nyingine ya bure kabisa: legeza bolti za kishikio cha mkono wa klachi, zungushia hendeli utepe wa plastiki wa mafundi bomba mara mbili pale kishikio kinapokaa, kisha kaza kiasi tu. Mkono usizunguke ukiendesha, lakini ukipigwa kwa nguvu uzunguke badala ya kukatika. Hata hivyo beba mkono mmoja wa akiba, uufunge kwa zipu-tai chini ya keria.

Vyuma vya kukinga pembeni vinafuata. Chukua vilivyoshikwa na fremu sehemu zisizopungua tatu kila upande. Chuma kinachotegemea bolti moja ya injini kikigongwa kinageuka mtaimbo, na kasha la injini ndilo linalopasuka.

Bolti zote utakazofunga zipate gundi ya bolti ya bluu na zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo. Kwa bolti za chuma za kawaida, M6 (unene wa milimita 6) ni kama Nm 10 (newtonmita, kipimo cha mkazo), M8 ni Nm 24, M10 ni Nm 48. Zikiingia kwenye alumini punguza kidogo, na kama kitabu cha pikipiki kinatoa namba yake, fuata hiyo. Gundi isiguse plastiki, inaipasua taratibu. Rudia kukagua baada ya kilomita 200 za barabara ya vumbi.

Eksozi iwe mwisho kabisa, au isiwepo. Utapata kelele na kupungua kwa kilo chache. Nguvu inayoongezeka kwenye injini inayopuliziwa petroli na sindano za umeme, ambayo mpangilio wa kompyuta yake haujaguswa, ni ndogo mno kuihisi njiani, na waranti yako bado ni mbichi. Makasha tutayazungumzia kwa msomaji wa Dodoma.

Halafu usisahau kwamba injini bado inalainika. Badilisha kasi ya mzunguko wake mara kwa mara, usiifungulie mpaka mwisho, na usiipandishe mlima gia ya juu huku inalalamika. Servisi ya kilomita 1,000 usiiruke: hiyo oili ndiyo inayobeba chembe za chuma za mwanzo. Inaingia lita 2.6 ukibadilisha na chujio. Nunua oili yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo, yaani oili ya pikipiki. Oili ya gari iliyoandikwa kwamba inaokoa mafuta ina viungo vya utelezi, na klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili, kwa hiyo itaanza kuteleza.

Fundi, niko na Royal Enfield Himalayan 450. Tulienda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kupitia Maralal na nikapata pancha tatu, zote za mbele. Kila mara tyubu ilikuwa na matobo mawili karibu karibu, na hakuna msumari. Nimeambiwa nibadilishe rimu ziwe za tairi zisizo na tyubu. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Matobo mawili yaliyo sambamba yanajieleza yenyewe: tairi limegonga jiwe, likajikunja mpaka rimu, na tyubu ikabanwa katikati pande zote mbili. Msumari haungefanya hivyo. Upepo ulikuwa mdogo kwa mwendo uliokuwa nao kwenye yale mawe ya volkeno, au mwendo ulikuwa mkubwa kwa upepo uliokuwa nao. Ni jambo lile lile.

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Ya kituo cha mafuta inaweza kukosea kwa psi 4 au 5 na hutajua. Lami na mzigo, tumia namba za kitabu. Barabara ya vumbi iliyo laini, shuka hadi 27 au 28. Kwenye mawe yenye ncha usiende chini ya 26 mbele kwa pikipiki ya kilo 196, hata kama itakurusharusha. Mchanga mzito ndio unaotaka 18 hadi 20, na hapo mwendo uwe mdogo. Ukitoka mchangani jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Watu wengi wanasahau hatua hiyo ya mwisho, na ndiyo inayowaletea pancha kama zako.

Kisha weka tyubu nzito, za milimita 3 au 4. Ni nzito kuzunguka na zinapata joto zaidi kwenye lami ya mwendo mrefu, lakini haziumwi kirahisi. Nati ile ndogo ya shina la valvu usiikaze kwenye rimu. Iache juu, igusane na kifuniko. Tyubu ikianza kuhama ndani ya tairi utaona shina limeinama na utalirekebisha mapema. Nati iliyokazwa inaficha tatizo mpaka shina ling'oke, na tyubu iliyong'oka shina haizibiki.

Ukiziba njiani, kazi ngumu ni kuuachanisha ukingo wa tairi na rimu. Laza gurudumu chini, mwenzako asogeze pikipiki yake na kuteremsha stendi ya pembeni juu ya tairi, sentimita mbili kutoka kwenye rimu, kisha aiegemeze taratibu. Ukiingiza vyuma vya kufungulia, ukingo wa upande wa pili uwe umeshuka katikati ya rimu, penye bonde. Usipofanya hivyo utatumia nguvu nyingi na utaitoboa tyubu mpya kwa chuma. Kwaruza tyubu kwa msasa, paka gundi, subiri kama dakika 5 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Pitisha kidole ndani ya tairi polepole kabla ya kurudisha. Beba tyubu ya akiba ya inchi 21: kwa dharura inakubali kuingia nyuma na kukufikisha mjini kwa mwendo wa taratibu. Ya inchi 17 haiwezi kwenda mbele.

Kuhusu rimu: Royal Enfield wenyewe wametoa rimu za spoki zisizotumia tyubu kwa baadhi ya matoleo ya pikipiki hiyo, na hizo hazina ubaya. Tobo la msumari unaliziba kwa kijiti cha mpira ndani ya dakika 10. Tunachokataa ni rimu ya tyubu iliyozibwa spoki kwa silikoni na fundi wa mtaani. Rimu iliyotengenezwa kwa ajili ya tairi lisilo na tyubu ina tuta dogo la ndani linaloshika ukingo usiteleze upepo ukipungua. Yako inaweza isiwe nalo, na tairi likiacha rimu kwenye kona hutapata nafasi ya kujuta. Hata hizo nzuri zinapinda zikipigwa jiwe, kwa hiyo tyubu moja ibaki kwenye begi.

Kagua spoki ukifika nyumbani. Gonga moja moja kwa bisibisi: inayolia "tii" imekaza, inayolia "du" imelegea. Kaza robo mzunguko, si zaidi, kisha zungusha gurudumu uangalie kama rimu inayumba.

Mimi pia nina Himalayan 450. Nikiwa peke yangu inakwenda vizuri. Nikimpakia mke wangu na makasha mawili, nyuma inazama, taa inamulika miti, na usukani unakuwa mwepesi. Nibadilishe shokapu? (Msomaji, Dodoma)

Pima kwanza. Shokapu nzuri ni hela nyingi, na huenda unachohitaji ni springi tu, au kukaza springi uliyonayo.

Mtembeo wa nyuma wa hiyo pikipiki, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka, ni milimita 200. Mwite mtu akusaidie. Inua pikipiki mpaka tairi la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima hadi sehemu utakayotia alama kwenye keria. Hicho ni kipimo cha kwanza. Ishushe isimame yenyewe bila mtu, pima tena. Kisha pandeni mlivyo na mizigo yote na viatu vya safari, mtu wa tatu apime. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha tatu iwe kati ya milimita 60 na 70. Tofauti ya cha kwanza na cha pili iwe kama 20 hadi 30.

Kama mnazama 90, kaza springi na upime upya. Ukifika 65 mkiwa mmepanda, rudi kwenye kipimo cha pili. Kama pikipiki ikiwa tupu sasa inazama milimita 5 tu au haizami kabisa, springi ni laini kuliko mzigo wako. Umeibana mpaka imebeba, lakini haina nafasi ya kushuka kwenye shimo, na itakurusha. Hapo ndipo springi nzito inapostahili kununuliwa. Kama vipimo vyote viwili vimekaa, umemaliza bila kutoa shilingi. Andika idadi ya mizunguko ya "peke yangu" na ya "sisi wawili" kwenye kipande cha plasta chini ya siti.

Sasa mzigo wenyewe. Kitabu kinataja uzito wa juu kabisa wa pikipiki pamoja na vyote ilivyobeba. Toa uzito wa pikipiki yenye tanki lililojaa, kinachobaki ndicho chako. Kwa pikipiki nyingi za daraja hili kinaangukia kati ya kilo 180 na 200. Chukulia wewe kilo 85, mama 62, keria na makasha ya alumini matupu 18, mizigo 30. Jumla 195, na hamjabeba maji. Makasha matupu yamekula sehemu kubwa kuliko nguo. Begi laini za pembeni zinapunguza kilo 10 hivi hapo hapo, na mguu ukibaki chini ya begi laini pikipiki ikianguka, kifundo kinapona. Kasha gumu lina faida ya kufuli. Kwa anayelala mjini kila siku ni hoja ya kweli. Kwa vyovyote, zana na maji vikae chini na mbele kadiri inavyowezekana. Kitu kizito kwenye keria, nyuma ya ekseli, ndicho kinachoufanya usukani uwe mwepesi.

Na angalia stendi ya pembeni. Nyuma ikizama, pikipiki inasimama wima mno kwenye stendi, na upepo mdogo unaiangusha upande wa pili.

Fundi, nina urefu wa sentimita 160 na siti ya Himalayan 450 inanipa shida nikisimama. Kuna mtu ameniambia atabadilisha vile vyuma vya kuunganisha shokapu ishuke. (Dada msomaji, Iringa)

Dada, anza na siti. Hiyo ya kwako ina nafasi mbili, milimita 825 na 845. Hakikisha iko kwenye ya chini. Kisha kuna siti ya chini zaidi inayouzwa kama kifaa cha ziada. Viatu vyenye soli nene vinaongeza sentimita mbili, na huhitaji miguu yote miwili chini: telezesha kiuno upande wa kushoto, mguu mmoja ukanyage wote, wa kulia ubaki kwenye breki.

Vyuma vya kushusha tunavipendekeza mwisho. Vinabadilisha mwegemeo wa shokapu, kwa hiyo springi inahisi laini zaidi, tumbo la pikipiki linakaribia mawe, na tairi linaweza kugusa mkinga tope likizama lote. Ukiamua, ushushe na mbele kwa kupandisha fok (shokapu za mbele) kwenye vishikio vyake ili usukani usibadilike tabia, uangalie kama tairi na mkinga tope vinagusa radieta, na stendi ya pembeni ikatwe ifupishwe. Fundi asiyetaja stendi kabla hujamuuliza, mshukuru uondoke.

Nimefunga taa mbili za ziada na chaja ya simu. Nikiiacha pikipiki siku kumi na kitu haiwaki. Betri ni mpya. (Msomaji, Mwanza)

Tunaiwekea dau chaja. Nyingi zinaunganishwa moja kwa moja na betri, na ile taa yake ndogo ya bluu pamoja na saketi ya ndani zinakula hata simu ikiwa haipo. Tuseme zinakula milliampea 20: kwa siku ni karibu nusu ampea-saa. Betri ya pikipiki hizi ina ampea-saa 8 au 9 tu. Siku kumi zinatosha kuifikisha mahali ambapo stata inagonga "tik tik".

Thibitisha. Zima ufunguo, toa waya hasi ya betri, weka mita ya umeme kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye waya uliotolewa. Usiwashe ufunguo wala kubonyeza stata ukiwa umeunganisha hivyo, utaichoma mita. Milliampea chache ni za saa na kompyuta ya pikipiki. Zikiwa 20 au zaidi, chomoa chaja uone namba inashuka.

Dawa ni rilei moja inayobeba vyote: ni swichi inayowashwa na umeme, na miguu yake ina namba. Mguu wa 30 uende kwenye chanya ya betri, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 15 kutoka betri. Ukiiweka mbali, waya wote ulio kabla yake hauna ulinzi ukichunika. Mguu wa 87 uende kwenye taa na chaja. Mguu wa 86 upate umeme unaowaka na ufunguo, kwa mfano waya wa taa ya namba. Mguu wa 85 uende hasi. Taa mbili za wati 30 ni wati 60. Gawanya kwa volti 13.5 unapata ampea 4.4. Ukiongeza chaja, fyuzi ya 7.5 na waya wa milimita 1.5 za mraba vinatosha. Ukiona mtu anaweka fyuzi ya 30 "ili isikatike", mwondolee spana.

Mwisho pima betri injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila kitu kikiwa kimewashwa. Ikibaki juu ya volti 13.5 umeme unatosha. Ikishuka 12.8, unaendesha kwa akiba ya betri. Wenye BMW za GS wasikate waya wa kiwandani hata mmoja: kompyuta inaona mzigo isioujua na inaweza kuuzima.

Huku kwetu chumvi imeanza kula spoki na bolti, na pikipiki haina hata mwaka. (Msomaji, Mombasa)

Osha kwa maji baridi yasiyo na shinikizo kubwa, ikaushe, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi kwenye spoki na bolti, mbali na diski na tairi. Viungio vya umeme vifungue kimoja kimoja upake grisi ya silikoni. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikiingia kwenye alumini zipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ana, la sivyo chumvi itazifunga moja kwa moja. Mnyororo wa oringi (wenye vipete vya mpira) usafishe kwa mafuta ya taa, si petroli, kisha upake oili ya gia 80W-90.

Je, kichujio cha hewa cha nyuzi kinachooshwa kinafaa mchangani? Nusu ya wenzetu huku wanavitumia. (Msomaji, Muscat)

Kwa mchanga laini wa huko, hapana. Kinapitisha hewa nyingi kwa sababu kinapitisha na vumbi jingi. Baki na cha karatasi na ubadilishe mapema, au weka cha sponji chenye matabaka mawili. Sponji ioshwe kwa mafuta ya taa, maana petroli inayeyusha gundi ya viungio, kisha kwa sabuni, ikauke kabisa, ipakwe mafuta yake mpaka rangi iwe sawa kote, na ikamuliwe bila kupindwa. Ukingo wake upake grisi. Halafu futa bomba la hewa upande wa injini kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, grisi haikushika pande zote: toa kichujio, paka tena, na usiwashe injini kabla kitambaa hakijatoka safi.